Ini Hupimwaje? Maneno Machache kwa Wakulima wa Mahindi

Jumamosi moja katika mwezi wa Desemba, nilipokuwa nimeketi barazani kwangu hapa Moi's Bridge baada ya kazi za ofisi za juma zima, alinijia mzee mmoja, jirani yetu, akiwa na karatasi mbili mkononi. Tulipokwisha kuamkiana na kuulizana habari za nyumbani, alizitandaza mezani akanena, "Karani, wewe ndiwe msomaji wetu. Moja ya karatasi hizi yasema uongo. Niambie ni ipi."

Karatasi ya kwanza ilitoka hospitali. Kwa muda wa miezi miwili mzee alikuwa amechoka mwili, chakula hakimpendezi, na tumbo lamsumbua kila alapo. Basi alitolewa damu, na vipimo vyote vya ini vikaandikwa kuwa ni vya kawaida. Karatasi ya pili ilitoka sokoni. Huko kijana mmoja mwenye meza na kompyuta ndogo alimpa kipande cha chuma akishike mkononi kwa dakika moja, kisha mashine ikachapa maneno kwamba ini lake "limejaa sumu" na kwamba nguvu zake za kusafisha mwili zimepungua nusu. Dawa ya kulisafisha ilikuwapo papo hapo, unga katika kopo, kwa bei ya shilingi 4,500. Mzee alikuwa amekwenda sokoni kununua turubai la kuanikia mahindi. Alirudi na kopo, bila turubai.

Nilimwambia kuwa mimi si daktari, kazi yangu ni daftari na mihuri. Lakini nilimwomba aniachie karatasi zile kwa siku chache. Nilimwendea afisa mmoja wa tiba niliyesoma naye zamani katika shule ya misheni, nikamwuliza mengi, nikasoma na vitabu alivyoniazima. Haya niyaandikayo ndiyo niliyomjibu mzee. Naona yafaa yasomwe na kila mkulima wa pande za Uasin Gishu, Kitale na Bungoma, kwa sababu jambo hili, ingawa lilianza katika damu ya mtu mmoja, lilitufikisha ghalani.

KAZI YA INI

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, nalo hukaa upande wa kuume chini ya mbavu. Kila dakika hupita humo damu kadiri ya lita moja na nusu, na sehemu iliyo kubwa ya damu hiyo hutoka moja kwa moja matumboni, ikichukua yale tuliyokula na kunywa kabla hayajafika mahali pengine mwilini.

Watu wengi hudhani kwamba ini ni chujio, na kwamba taka hubaki ndani yake kama makapi katika chekeche. Ndiyo maana husadiki wakiambiwa kwamba lahitaji kuoshwa. Sivyo ilivyo. Ini haliweki sumu akiba, huigeuza. Kazi hiyo aghalabu huwa na hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, vitu viitwavyo vimeng'enya huikata sumu au kuibadili umbo. Katika hatua ya pili ini huifunga sumu hiyo pamoja na kitu kingine ili iyeyuke majini, ipate kutoka mwilini kwa njia ya nyongo au ya mkojo. Pombe, vidonge vya maumivu, hata amonia itokayo matumboni kutokana na nyama na maharagwe, vyote hugeuzwa na ini. Basi swali la mzee ni swali la haki: mtu atajuaje kama kazi hii inakwenda vizuri?

KARATASI YA HOSPITALI YASEMA NINI

Herufi ALT na AST zilizomo katika karatasi ya maabara ni majina ya vimeng'enya viwili ambavyo kwa kawaida hukaa ndani ya chembe hai za ini. Chembe zikijeruhiwa, vimeng'enya hivyo humwagika katika damu, navyo huhesabiwa. Madaktari wamekitumia kipimo hiki tangu miaka ya 1950, nacho kimewafaa sana.

Lakini yatupasa tuelewe kinapima nini. Mji wetu huu ulio kando ya mto Nzoia, ambao wazee bado hukumbuka ukiitwa Hoey's Bridge, huishi kwa mahindi, na sote tumezoea kuona malori yakipanga mstari kuingia katika maghala ya Halmashauri ya Nafaka na Mazao. Ukiona punje zimemwagika barabarani, wajua kwamba kuna gunia lililopasuka. Punje zile hazikuambii ghala laweza kupokea magunia mangapi kwa siku. Tena ghala lililo tupu halimwagi kitu. Vivyo hivyo mtu ambaye ini lake limeharibika kwa miaka mingi hata likageuka kovu aweza kuonekana na ALT ya kawaida, kwa kuwa chembe za kumwaga zimebaki chache.

Katika karatasi huwamo pia vipimo vingine. Bilirubini ni uchafu wa rangi ya manjano utokao katika chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Ini likishindwa kuuondoa, macho huwa manjano. Albumini ni protini itengenezwayo na ini, nayo huchukua kama majuma matatu kupungua nusu katika damu. Kwa hiyo hata ini likilegea leo, upungufu wake hautaonekana kesho. Muda wa damu kuganda hueleza habari za karibuni zaidi, kwa sababu baadhi ya vitu vya kugandisha damu, ambavyo ini ndilo livitengenezalo, hudumu saa chache tu.

Madaktari hawaamini kipimo kimoja peke yake. Huunganisha bilirubini, albumini na muda wa kuganda, kisha hutazama kama tumbo limejaa maji na kama akili ya mgonjwa imechanganyikiwa. Utaratibu huo ulianzishwa na Child na Turcotte huko Marekani mwaka 1964, ukatengenezwa upya na Pugh na wenzake huko London mwaka 1973, na hata leo wanautumia kwa wagonjwa wenye ini lenye kovu.

Basi karatasi ya hospitali haikusema uongo. Ilisema, "Leo sioni jeraha." Haikusema, "Ini hili laweza kustahimili sumu yoyote." Mzee alisoma neno la pili mahali palipoandikwa la kwanza, na watu wengi hukosea vivyo hivyo.

KULIPA INI KAZI NA KUTAZAMA

Je, hakuna kipimo cha kulipa ini kazi na kutazama linaimalizaje? Kipo, tena si kipya. Mwaka 1906 daktari Bauer wa Vienna aliwanywesha wagonjwa galaktosi, ambayo ni sukari itokanayo na maziwa, kisha akapima katika mkojo kile ambacho ini lilishindwa kukitumia. Mwaka 1925 Rosenthal na White wa Marekani walieleza kipimo cha rangi iitwayo bromsulfaleini: mgonjwa hudungwa sindano ya rangi, na baada ya dakika 45 damu hutazamwa. Ini likiwa zima, rangi iliyobaki huwa chini ya sehemu 5 katika 100. Kipimo hicho kilitumika miaka mingi, kisha kikaachwa, kwa kuwa kiliwadhuru vibaya wagonjwa wengine.

Mwaka 1933 daktari Armand Quick, naye wa Marekani, aliwapa watu sodiamu benzoeti, chumvi itumikayo kuhifadhi vyakula, akapima katika mkojo kiasi ambacho ini lilikuwa limekifunga na kukitoa. Hicho kilikuwa kipimo cha hatua ya pili niliyoitaja. Daktari huyo huyo ndiye aliyeeleza mwaka 1935 kipimo cha muda wa damu kuganda, ambacho mpaka leo kinatumika hospitalini.

Siku hizi wapasuaji hutumia rangi ya kijani iitwayo indosianini. Katika ini zima, baada ya dakika 15 haibaki hata sehemu 10 katika 100. Huko Ujerumani kuna kipimo cha pumzi: mgonjwa hupewa dawa iliyowekwa alama, ini huikata, na alama hutoka katika pumzi ikapimwa. Hata kahawa imetumika. Kafeini huondolewa na ini, na kwa mtu mzima mwenye afya hupungua nusu kwa muda wa saa 5 hivi, lakini kwa mwenye ini lenye kovu hukawia zaidi. Msomaji asijaribu kujipima nyumbani kwa vikombe vya kahawa, kwa sababu sigara huharakisha kazi hiyo na mimba huikawiza.

Vipimo hivi havipatikani katika kila zahanati. Ni vya gharama, navyo hutumika hasa kabla ya kukata sehemu ya ini lenye uvimbe, ili daktari ajue kama kitakachobaki kitatosha. Tena kila kimoja hupima njia moja tu, na ini lina njia nyingi. Lakini vyote vinafanana kwa jambo hili: kitu huingizwa mwilini, kisha hutafutwa katika damu, mkojo au pumzi. Hakuna hata kimoja kinachosoma ini kwa kipande cha chuma kilichoshikwa mkononi. Hivyo nilimjua mwongo katika karatasi mbili zile.

SUMU INAYONOLEWA NA INI LENYEWE

Sasa nafika kwenye jambo lililonishangaza kuliko yote. Kuvu iotayo katika mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaweza kutoa sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Sumu hiyo iingiapo katika ini, hatua ya kwanza ya kusafisha ndiyo huigeuza kuwa kali zaidi, ikashika kiini cha chembe na kukiharibu. Hatua ya pili ndiyo huipunguza makali. Sumu ikiwa nyingi, hatua ya pili hulemewa. Kwa hiyo auzaye dawa ya "kuliongezea ini kasi" hajui hata ni hatua ipi anayoiongeza. Baadhi ya dawa za unga na za majani, badala ya kulisaidia ini, zenyewe huliumiza.

Sumu hii ilijulikana baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa huko Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Nchini kwetu, mwaka 1981, watu 20 walilazwa hospitalini huko Machakos, na 12 wakafa. Msiba mkubwa ulikuja mwaka 2004 katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani. Watu 317 waliugua, macho yao yakawa manjano na matumbo yakavimba, na 125 walifariki. Mahindi yalikuwa yamevunwa wakati wa mvua zisizo za majira. Wachunguzi walipopima mahindi ya masokoni huko, katika kila vipimo 100 walikuta 7 vyenye sumu kupita sehemu 1,000 katika bilioni moja, na hali sheria ya Kenya hairuhusu kupita 10. Tena walikuta kwamba wagonjwa wengi walikuwa wameweka mahindi mabichi ndani ya nyumba zao badala ya ghalani.

Najua baadhi ya wasomaji watasema, "Hayo ni ya Ukambani kwenye joto, kwetu kuna baridi." Ni kweli kwamba kuvu hiyo hupenda joto na ukame, na kwamba nchi yetu ya juu haijapatwa na msiba wa namna hiyo. Lakini mahindi yenye unyevu huota kuvu popote, zipo na kuvu nyingine zenye sumu zipendazo baridi, na mahindi yetu hayabaki kwetu. Tena si lazima mtu afe kwa siku tatu ndipo ajue amekula sumu. Haba na haba hujaza kibaba. Sumukuvu kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, na kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini ya B hatari hiyo huzidi mara nyingi. Katika miaka hiyo yote, kipimo cha ALT chaweza kuandikwa kuwa ni cha kawaida.

MAHINDI YA MZEE

Nilipoyajua hayo, niliona kwamba mzee na mimi tulikuwa tumeuliza juu ya ini kabla ya kuuliza juu ya chakula. Jumapili alasiri nilikwenda kwake. Magunia yalikuwa yamepangwa sakafuni katika chumba cha kulala, kwa kuogopa wezi. Yalikuwa yamevunwa mvua ikinyesha, na kwa kuwa turubai halikununuliwa, yalianikwa siku mbili tu juu ya udongo mtupu. Nilipotia mkono ndani ya gunia moja nilisikia joto, na harufu ya uvundo ikanijia puani. Mama wa nyumba alinieleza kwamba yaliyo mazuri huuzwa, yaliyo hafifu husagwa ya nyumbani, na yaliyooza hupewa ng'ombe au hupikiwa busaa.

Tulimwaga magunia tukayachagua. Manne yalikuwa mabaya kabisa. Mzee aliyatazama, akasema, "Karani, mjukuu wangu aingia kidato cha kwanza Januari, na karo ni haya. Nitayachanganya na mazuri, dalali hataona."

Nikamjibu, "Mzee wangu, ni kweli dalali hataona. Lakini huko yatakakofikia kuna mtoto atakayeyala, naye ana ini kama lako, wala hana karatasi ya kumwonya."

Alinyamaza kwa kitambo kirefu. Kisha alimwita mwanawe alete jembe, wakachimba shimo nyuma ya boma, wakayafukia magunia manne. Sikupata kuona kazi nzito kuliko ile. Mkulima kuzika mavuno yake si jambo dogo. Kesho yake alikwenda sokoni kudai fedha za kopo, lakini meza ile haikuwapo. Aliuza mbuzi mmoja, akanunua turubai.

MAMBO YA KUSHIKA

Yafuatayo ndiyo tuliyokubaliana na afisa wa tiba kwamba yafaa yaandikwe.

Kwanza, kausha mahindi juu ya turubai mpaka unyevu usipite asilimia 13.5. Usipokuwa na mashine ya kupimia, twaa chupa kavu yenye kifuniko, tia humo punje kiasi cha robo ya chupa pamoja na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Isiponata, bado yaanike siku moja au mbili zaidi, kwa sababu 15 si 13.5.

Pili, weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu. Chagua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye kuvu, uzitupe. Kupika hakuiondoi sumukuvu. Ugali wenye sumu ni sumu, na busaa hali kadhalika. Usimpe ng'ombe mahindi hayo, kwa kuwa sumu hupita katika maziwa.

Tatu, nenda ukapimwe homa ya ini ya B, na usipokuwa nayo uchanjwe. Watoto wetu huchanjwa tangu mwaka 2001, lakini sisi watu wazima wengi hatukuchanjwa.

Nne, usipitishe vidonge 8 vya paracetamol vya miligramu 500 kwa siku moja, na anywaye pombe nyingi asifikie hata hivyo 8 bila shauri la daktari.

Tano, macho yakiwa manjano, mkojo ukiwa wa rangi ya chai, au tumbo likivimba, usingoje siku ya soko. Nenda hospitali.

Mzee alirudi hospitali akaeleza ugonjwa wake upya, pamoja na habari za mahindi. Alionekana kuwa na vidonda vya tumbo, akapewa dawa, na sasa anakula. Hakukutwa na homa ya ini ya B, akaanza chanjo. Ini lake ni zima kwa kadiri karatasi inavyoweza kusema, na yeye mwenyewe sasa ajua ni kadiri gani. Ama lile kopo la shilingi 4,500, mama wa nyumba aliumwaga unga uliokuwamo, akaliosha vizuri, na sasa analitumia kuwekea chumvi kavu ya kupimia mahindi.